Madodoso ya usonji kwa watu wazima: lipi la kujaza, lipi la kuachana nalo

Mtu mzima anayeanza kujiuliza kama ana usonji (autism, tofauti ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na uhusiano na watu) huanzia kwenye simu. Anaandika maneno mawili matatu, zinatokea kurasa za maswali, na baada ya dakika chache anapewa namba. Namba hiyo ndiyo watu huishika na kuisambaza kwa marafiki, ilhali ndiyo yenye thamani ndogo kuliko vyote vilivyomo kwenye dodoso. Chenye thamani ni mfano unaouandika pembeni ya kila jibu. Hapa tunayapima madodoso manne yanayotumika sana: AQ-10, AQ yenye maswali 50, RAADS-R na CAT-Q. Yote manne yanapatikana bure na yana utafiti nyuma yake, lakini kila moja lina mahali linapopwaya. Matoleo ambayo wengi huyakuta yameandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo mtu akisaidiwa kusoma, msaidizi asimjibie.

AQ-10 ndilo fupi kupita yote. Lilitolewa mwaka 2012 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, waliochambua AQ ndefu na kubakiza maswali 10 yaliyotenganisha vizuri zaidi wenye usonji na wasio nao. Mwaka huohuo NICE, taasisi inayoandika miongozo ya tiba nchini Uingereza, iliwashauri madaktari walitumie wanapofikiria kumpeleka mtu mzima kwa mtaalamu. Kila swali lina majibu manne: nakubali kabisa, nakubali kiasi, nakataa kiasi, nakataa kabisa. Watu huumiza kichwa kuchagua kati ya "kabisa" na "kiasi", na ni kazi bure, kwa sababu yote mawili huhesabiwa sawa. Maswali ya 1, 7, 8 na 10 hutoa alama moja moja ukikubali. Ya 2, 3, 4, 5, 6 na 9 hutoa alama moja moja ukikataa. Mpaka, yaani alama ambayo ukiifikia inafaa uende kwa mtaalamu, ni 6. Zipo nakala zinazosema "zaidi ya 6", yaani 7. Hizo zimekosea, na aliyepata 6 kamili akizifuata atajiona hana sababu ya kwenda popote. Jumlisha mwenyewe kwa kalamu.

Swali la 5 linastahili kutazamwa kwa karibu. Linauliza kama ni rahisi kwako kuelewa kile ambacho mtu hakukitamka waziwazi. Mzungumzaji wa Kiswahili, hasa wa Pwani, amezungukwa na mafumbo tangu utotoni. Jirani anaposema "naona siku hizi umetuhama," hakuulizi kama umebadilisha nyumba. Mtu mwenye usonji aliyekulia Mombasa au Unguja anaweza kuwa amekusanya mafumbo ya namna hiyo kwa mamia, kila moja na maana yake, kama mtu aliyekariri msamiati. Akiulizwa atasema anaelewa, na hadanganyi. Basi jipime kwa fumbo jipya. Ukilisikia kwa mara ya kwanza, unalishika papo hapo, au unakuja kuling'amua jioni baada ya mtu kukufafanulia? Jibu swali la 5 kwa kufuata hilo. Vivyo hivyo na salamu. Salamu zetu ni ndefu lakini zina mpangilio wake, kila swali na jibu lake, na wengi wenye usonji huzimudu vizuri tu. Kazi huanza salamu zikiisha, pale soga inapotakiwa kwenda yenyewe bila mpangilio.

Kwa ujumla AQ-10 linafaa kama hodi ya mlangoni. Usilitegemee kwa zaidi ya hapo.

AQ lenyewe, lenye maswali 50, lilichapishwa mwaka 2001 na Simon Baron-Cohen na wenzake. Limegawanywa katika mafungu matano ya maswali 10: kuchangamana na watu, kuhamisha mawazo kutoka jambo moja hadi jingine, kuzingatia vitu vidogovidogo, mawasiliano, na kufikiria mambo ya kubuni. Katika utafiti ule wa kwanza, watu wazima wenye usonji walipata wastani wa 35.8, na watu waliochukuliwa kutoka kwenye jamii 16.4. Asilimia 80 ya wenye usonji walifika 32, na katika kundi la pili ni asilimia 2 tu waliofika hapo. Ndiyo asili ya mpaka wa 32 unaouona kila mahali. Mwaka 2005 utafiti uliofanywa kwa watu waliokuwa tayari wamepelekwa kliniki ulipendekeza 26, ndiyo maana kurasa mbili zinaweza kukupa hukumu mbili tofauti kwa alama zilezile 28.

Kasoro kubwa ya AQ ni kwamba linatenganisha vizuri mtu mwenye usonji na mpita njia, lakini anayelijaza mara nyingi si mpita njia. Ni mtu ambaye tayari anasumbuka: ana wasiwasi wa kukaa na watu, au ADHD (tatizo la kukosa utulivu na umakini), au sonona, au mawazo yanayojirudia bila kukoma. Hali hizo nazo hupandisha alama. Na kinyume chake kipo pia. Utafiti wa mwaka 2016 wa huduma moja ya uchunguzi jijini London, uliohusu watu wazima 476, ulionyesha kwamba kati ya waliopata alama chini ya mpaka, karibu theluthi mbili walikutwa na usonji. Kwa hiyo alama ndogo isikufanye ufunge faili ikiwa maisha yako yanasema mengine. Wanaoponyoka zaidi ni waliojifunza kuficha dalili zao, na wanawake wengi wamo humo.

Baadhi ya maswali ya AQ yana harufu ya Cambridge. Kuna la kuchagua kati ya ukumbi wa maigizo na makumbusho, ambalo kwa mtu wa Kakamega au Singida halina maana kubwa. Kuna la maktaba dhidi ya sherehe. Kuna la kushika namba za magari, na kondakta wa daladala au dalali wa magari atakubali kwa sababu ya kazi yake tu. Usiliache swali wazi, maana jumla itaharibika. Lisome kwa nia yake: kukaa peke yako na kitu unachokipenda au kwenda harusini, kuziona namba zenyewe bila kutaka wala kuzihitaji. Kisha weka alama ya nyota pembeni ili ujue ni majibu gani yamesimama kwenye tafsiri yako.

RAADS-R ndilo linaloleta kelele nyingi mitandaoni, na ndilo tunaloliheshimu kuliko yote, ilhali alama yake ndiyo tunayoiamini kidogo kuliko zote. Lilitoka mwaka 2011, kazi ya Riva Ariella Ritvo na wenzake. Lina maswali 80: 39 ya uhusiano na watu, 20 ya hisia za mwili na mwendo, 14 ya mambo yanayomteka mtu, na 7 ya lugha. Uzuri wake uko kwenye aina ya majibu. Huulizwi unakubali kiasi gani, unaulizwa lini: ni kweli sasa na nilipokuwa mdogo (alama 3), ni kweli sasa tu (2), ilikuwa kweli kabla ya miaka 16 tu (1), haijawahi kuwa kweli (0). Maswali 17 yamegeuzwa, yaani yanahesabiwa kinyume, na hapo anayejumlisha kwa mkono huharibu kila kitu. Tumia ukurasa unaojumlisha wenyewe. Jumla ya juu kabisa ni 240 na mpaka ni 65.

Sasa kasoro. Dodoso hili lilitengenezwa lijazwe kliniki, mtaalamu akiwa karibu wa kufafanua swali. Katika utafiti wa 2011 lilikamata asilimia 97 ya wenye usonji na halikumkosea hata mmoja asiye nao. Likijazwa nyumbani, mambo hubadilika. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2021 uliangalia watu waliolijaza wenyewe kabla ya kuchunguzwa, na karibu wote walivuka 65, waliokutwa na usonji na ambao hawakukutwa nao. Yaani kwa mtu ambaye tayari anajishuku, kupata 110 au 140 hakumwambii jambo ambalo hakulijua.

Kwa nini basi tulipende? Kwa sababu ya swali la "lini". Usonji hauanzi ukiwa na miaka 30. DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, wa mwaka 2013, unataka dalili ziwe zilikuwapo tangu utoto wa mapema, hata kama zilijificha mpaka maisha yalipokuwa mazito. RAADS-R linakulazimisha kurudi huko nyuma. Ukiona majibu yako mengi yanaangukia "sasa tu", simama hapo: uchovu wa kazi, msiba, sonona au tukio la kutisha vinaweza kueleza zaidi. Yakiangukia "sasa na zamani", una cha kumpelekea mtaalamu. Wanaokosa nguvu ya maswali 80 wanaweza kujaza RAADS-14, toleo la maswali 14 la mwaka 2013, mpaka wake ukiwa 14 kati ya 42.

CAT-Q tutalipitia haraka. Ni la mwaka 2018, maswali 25, kila moja likijibiwa kwa ngazi saba, alama kuanzia 25 hadi 175. Halipimi usonji. Linapima juhudi ya kuuficha: kukariri namna ya kuongea, kuchunga uso na mikono, kujilazimisha kukaa na watu. Lijaze ikiwa AQ limekupa alama ndogo na hukuridhika. CAT-Q la juu pamoja na AQ la chini ni habari ya kumpa daktari, ingawa mwenye wasiwasi wa kukaa na watu naye hujificha.

Kurasa zinazokuuliza maswali 20, kisha zikataka kadi ya benki ndipo zikuonyeshe jibu au zikupe "cheti", achana nazo. Hakuna dodoso linalotoa cheti cha usonji, wala hakuna kipimo cha damu au picha ya ubongo kinachouthibitisha.

Namna ya kujaza ni hii. Chukua daftari. Jaza AQ-10 siku moja, RAADS-R siku nyingine, ukiwa umelala vya kutosha. Usijaze usiku ule uliotoka kugombana na mtu. Jibu kwa kuangalia gharama badala ya uwezo. Unaweza kukaa kwenye kikao cha ukoo kwa muda wa saa nne ukitabasamu, lakini kama kesho yake huwezi kuongea na mtu, jibu kwa kesho yake. Pembeni ya kila jibu zito andika mfano mmoja wenye mahali na umri: "darasa la tatu, niliziba masikio kengele ikilia, nikachapwa." Mifano 15 ya aina hiyo ina uzito kuliko alama zote.

Kwa habari za utotoni, muulize mama, shangazi au dada mkubwa, bila kulitaja neno usonji mwanzoni, maana ukilitaja majibu yatageuka kuwa utetezi. Uliza mambo ya kawaida: nilianza kusema lini? Nilicheza na nani? Chakula gani nilikikataa, na nguo gani? Nilikuwa nalia kwa nini? Kama kadi ya kliniki na ripoti za shule zipo, chukua zile zenye maoni ya mwalimu.

Katika Afrika Mashariki huduma nyingi za usonji zimejengwa kwa ajili ya watoto, kwa hiyo kabla ya kulipia chochote tuma maswali yako; kwa wanaoogopa kupiga simu, WhatsApp inatosha. Je, mnachunguza watu wazima? Anayechunguza ni daktari wa magonjwa ya akili au mwanasaikolojia tiba, na amefunzwa zana gani? Kwa mtu mzima anayeongea, moduli ya 4 ya ADOS-2, zana ambayo mchunguzi huitumia kukutazama mkiongea na kufanya shughuli pamoja, ndiyo inayohusika. Huchukua kati ya dakika 40 na 60 na haitoshi peke yake bila historia ya utotoni. Mtamhoji mzazi au ndugu? Mtaangalia pia ADHD, wasiwasi na sonona? Ripoti ya maandishi imo ndani ya bei au inalipiwa kando? Ukifika, sema mapema kama ulilelewa kutomkazia macho mkubwa, kwa sababu mchunguzi ataandika habari za macho yako. Na kama hulali au umekata tamaa ya kuishi, omba hayo yatibiwe sasa, bila kusubiri majibu ya usonji.