Tovuti kwenye seva yako mwenyewe: ununue nini, kwa mpangilio gani

Kabla hujauliza bei ya seva yoyote, yaani kompyuta itakayoibeba tovuti yako, nunua jina la tovuti, ndiyo domeni. Mwaka juzi nilimsaidia mama mmoja anayeuza vitenge, tovuti yake ilizimika msimu wa harusi umepamba moto. Mafaili yote alikuwa nayo kwenye flashi, na seva mpya tuliiwasha kwa saa mbili tu. Kilichotukwamisha ni domeni. Fundi aliyemtengenezea alikuwa ameisajili kwa jina lake yeye fundi na kwa barua pepe yake, na namba yake ya simu ilikuwa haipatikani tena. Mama akalazimika kusajili jina jingine na kuchapisha upya mifuko yote yenye anwani ya zamani.

Kwa hiyo jisajilie mwenyewe, kwa jina lako, na kwa barua pepe ambayo haitegemei domeni hiyohiyo, maana siku ikizimika utashindwa hata kupokea ujumbe wa kuirudisha. Jina la .com ni kama dola 10 hadi 15 kwa mwaka, na unaweza kulipia hadi miaka 10 mbele. Uliza bei ya mwaka wa pili kabla ya kushangilia ofa ya mwaka wa kwanza. Biashara ya Tanzania ichukue .co.tz, ya Kenya .co.ke. Hizi unazipata kwa wasajili walioidhinishwa, na wapo wanaopokea malipo ya simu, jambo linalomfaa asiye na kadi ya benki. Ukichelewa kulipia .com mpaka ikafutwa, kuna siku 30 za kuikomboa, lakini kwa ada inayouma kuliko bei ya kawaida.

Sasa seva. Naziweka kwa mpangilio ambao ningemshauri ndugu yangu.

Ya kwanza ni VPS, yaani seva ya kukodi kwa mwezi. Mashine iko kwenye kituo cha data cha mtu mwingine, lakini ndani yake wewe ndiye mwenye amri zote: unaweka mfumo wa uendeshaji kama Debian au Ubuntu, unaweka Nginx, programu ya kuwapelekea wageni kurasa, unafanya upendavyo. DigitalOcean wana za kuanzia dola 4 kwa mwezi, Hetzner wana vituo Ujerumani na Ufini, Vultr wako hadi Johannesburg. Kurasa za kawaida zisizo na hifadhidata zinatosha kwenye RAM ya megabaiti 512. Ukitaka WordPress, programu ya kuendesha tovuti inayotumia hifadhidata, chukua gigabaiti 2 ulale usingizi. Umeme, intaneti na anwani ya IP (namba inayoitambulisha mashine kwenye intaneti) ya kwako peke yako vimo ndani ya bei hiyo, na ndiyo maana kwa biashara naiweka juu.

Ila jiulize wasomaji wako wako wapi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Afrika Mashariki nzima ikahangaika kufungua kurasa zilizoko ng'ambo. Wateja wako wakiwa Dar au Nairobi, tafuta VPS ya mtoa huduma wa hapohapo aliyeunganishwa na TIX ya Tanzania au KIXP ya Kenya, vituo ambako mitandao ya ndani ya nchi hukutana, ili mawasiliano yasilazimike kuvuka bahari kwenda na kurudi. Bei huwa juu kidogo kwa nguvu ileile, na kwangu inastahili.

Ya pili, na ndiyo niipendayo zaidi moyoni, ni kompyuta ndogo ya used: Lenovo ThinkCentre Tiny, HP EliteDesk Mini au Dell OptiPlex Micro. Zinatoka maofisini huko nje na kuishia Kariakoo. Yangu niliinunua kwa shilingi 280,000, ina prosesa ya i5, RAM ya gigabaiti 8 na SSD (diski ya kisasa isiyozunguka), na inakaa juu ya kabati karibu na rauta, mtu haisikii. Ikiwa haina kazi kubwa inakula kama wati 10, maana yake uniti 7 hivi za Luku kwa mwezi. Ukiwa dukani, usiridhike kuona inawaka. Fungua kifuniko, tazama feni: ikiwa vumbi limeganda kama sufi, omba isafishwe mbele yako. Hakikisha chaja ni yake halisi. Kisha ingia BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine inayofunguliwa wakati inawaka, washa mpangilio wa mashine kujiwasha yenyewe umeme ukirudi. Usipofanya hivyo, umeme ukikatika usiku uko safarini, tovuti itabaki imelala mpaka urudi.

Usidanganyike na ile UPS ndogo ya rauta, yaani betri ya kuiweka hewani umeme ukikatika. Inatoa volti 12 wakati mashine hizi nyingi zinataka 19 au 20. Rauta ipewe UPS yake ndogo, kompyuta ipewe UPS ya kawaida.

Kuna kikwazo kimoja cha nyumbani kinachowaangusha wengi. Fungua ukurasa wa rauta, tazama anwani ya IP iliyopewa upande wa nje. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, basi unachangia anwani moja na wateja wengine na hakuna atakayekufikia moja kwa moja. Bando za simu karibu zote ziko hivyo, na faiba nyingi za majumbani pia. Unaweza kumlipa mtoa huduma akupe IP isiyobadilika, au utumie njia ya Cloudflare Tunnel, huduma ya kampuni ya Cloudflare, ambayo ni bure: seva yako ndiyo inayopiga hodi nje, na wageni wanapitia huko. Domeni yako inabidi iwe inaelekezwa na seva za majina (DNS) za Cloudflare. Mimi natumia hii.

Ya tatu ni Raspberry Pi, kompyuta ya bodi moja yenye ukubwa wa kiganja. Inakula umeme kidogo zaidi na ni nzuri kwa mwanafunzi, lakini ukijumlisha chaja, kasha na diski unakaribia bei ya kompyuta ndogo ya used yenye nguvu zaidi. Ukiichukua, tovuti usiiweke kwenye kadi ya microSD. Umeme wa kukatikakatika huziua. Tumia SSD ya USB.

Seva za rack za used, zile bapa kubwa za kufungwa kwenye makabati ya vituo vya data, ziache. Zinavutia kwa bei, ila moja ya wati 150 inakula uniti 108 kwa mwezi, na kelele za feni zake hazikaliki.

Cheti cha HTTPS, kile kinachofanya mawasiliano na tovuti yako yasimbwe, usikilipie: kwa VPS, Let's Encrypt wanatoa bure, kinadumu siku 90 na kinajihuisha chenyewe ukikiweka sawa. Pesa hiyo nunulia diski ya pili ya nakala, ikae nyumba nyingine.

Na barua pepe za biashara usiziweke kwenye seva ya nyumbani. Watoa huduma wengi wa intaneti hufunga mlango (port) namba 25, unaotumiwa na seva kutumiana barua pepe, na hata zikipita, zitaangukia kwenye spam ya mteja. Lipia huduma ya barua pepe kando, kisha uielekeze kwa rekodi za MX, zinazosema barua pepe za domeni zipelekwe wapi, kwenye domeni uliyosajili kwa jina lako.