Kati ya mimea miwili ya jangwani, ungechagua upi: nara au welwitschia?

Kwenye jangwa la Namib, pwani ya Namibia na Angola, mvua ni ya kubahatisha. Ukungu wa baharini ndio huleta unyevu. Welwitschia ina majani mawili tu, yanayokua maisha yake yote, na baadhi ya mimea hiyo imepita miaka 1,000. Imewekwa hata kwenye nembo ya taifa la Namibia. Ila haitoi maua. Huzaa koni, kama msonobari.

Nara, ndugu yake tikiti na boga, huchanua kweli. Haina majani: mashina yake ya kijani, yaliyojaa miiba, ndiyo hutengeneza chakula, na mizizi huzama mchangani hadi kwenye maji ya chini. Watopnaar, jamii ya bonde la Kuiseb nchini Namibia, hula matunda yake, mbegu wakakausha na kuweka akiba. Welwitschia nitaipiga picha. Nikikwama jangwani, nipeni nara.