Golboli au voliboli ya kuketi: upi uanze nao darasani?

Yote miwili ni michezo ya watu wenye ulemavu, na ni bora kuliko michezo ya kumtoa nje anayekosea, ambayo huwaacha benchi walewale wanaohitaji zaidi kucheza. Lakini haifanani.

Golboli ilibuniwa mwaka 1946 kwa ajili ya askari waliopoteza uwezo wa kuona vitani. Timu ina wachezaji 3, wote wamefungwa macho, na mpira una kengele ndani. Hapo ndipo utamu ulipo: mtoto asiyeona haombi kupunguziwa chochote, wenzake ndio wanaojifunza kwake. Mpira unaviringishwa, kengele zinalia, watatu wanajilaza kwa ubavu kuuzuia, na ukumbi mzima umenyamaza kimya. Mpira rasmi una kilo 1.25, mzito mno kwa wadogo. Funga mpira mwepesi ndani ya mfuko wa plastiki, utausikia ukichakacha. Na anayeogopa giza usimlazimishe kitambaa, afumbe macho tu.

Voliboli ya kuketi huchukua 6 kila upande, kwa hiyo wanaosubiri zamu ni wachache. Uwanja ni mita 10 kwa 6, na makalio hayainuki sakafuni mchezaji anapougusa mpira. Kamba kati ya viti viwili inatosha kuwa wavu. Wanaoanza waruhusu mpira udunde mara moja. Ila asiyeona huachwa pembeni.

Mimi ningeanza na golboli, wanaosubiri wakipewa kazi ya kuokota mipira na kuhesabu mabao.