Rangi ya enameli ya kikopo kidogo kwenye nembo za injini

Hii ni ile rangi ya mafuta ya vikopo vidogo wanayotumia wapenzi wa ndege na magari ya mfano. Nimeitumia kwenye nembo ya alumini iliyo juu ya mfuniko wa valvu (ule wa juu ya injini), herufi zimeinuka na usuli mwekundu ulikuwa umebanduka magamba.

Nilichokipenda ni jinsi inavyotiririka. Ukiidondosha kwa ncha ya kijiti cha meno, inajitandaza yenyewe mpaka ukingo wa herufi na kusimama hapo, bila alama za brashi. Ikimwagikia juu ya herufi, usihangaike. Ngoja ishike kidogo, kisha zungushia kitambaa kwenye kibao bapa, kilowanishe tina (kiyeyusho cha rangi) kidogo sana, upitishe juu juu. Kibao hakifiki bondeni, kwa hiyo rangi ya chini inabaki na chuma kinang'aa. Kidole kitupu kitakuharibia kazi, maana kinazama.

Haikauki haraka, iache hata siku kadhaa kabla ya kuwasha injini. Joto la mfuniko inalihimili vizuri. Karibu na ekzosi, sahau, tafuta rangi ya joto kali. Petroli nayo ni adui yake, kwa hiyo iweke mbali na kabureta inayovuja.

Maandalizi? Mswaki laini na spiriti vinatosha. Magadi makali ya kuzibulia mabomba yanakula alumini, tena upesi, na nembo za zamani hazipatikani ovyo.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa sababu ya kifuniko, kikishagandiana hakifunguki bila bisibisi.