Safari ya Ziwa Eyasi kutoka Arusha: ya siku moja iache

Ukipita karibu na Mnara wa Saa utauziwa safari mbili za kwenda kwa Wahadzabe, ambao ni wawindaji, na Wadatoga, ambao ni wafugaji na wahunzi: ya siku moja na ya siku mbili. Ya siku moja haifai hata kwa bei ya kutupa.

Arusha hadi Karatu ni kilomita kama 140, kisha nyingine 50 hivi hadi Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi. Hata ukitoka saa kumi na moja alfajiri, utaingia kambini jua limeshapanda. Wahadzabe huenda kuwinda kunapopambazuka, kabla ya joto. Utawakuta wamerudi, wamejilaza chini ya mbuyu, halafu mgeni asije akalalamika, wanaamshwa wakalenge gogo kwa mishale. Hilo ni igizo, tena la watu waliochoka.

Chukua ya siku mbili, na usisitize kulala Mang'ola. Ukilala Karatu itabidi uamke saa tisa usiku.

Kabla ya kulipa, mwambie wakala akuchanganulie bei kwa maandishi: gari, mafuta, chakula, malazi, ada ya kijiji, mwongozaji wa Mang'ola, fungu la kambi ya Wahadzabe. Hayo matatu ya mwisho ndiyo hufichwa ndani ya "gharama nyingine". Ada ilipwe ofisini Mang'ola, nawe upewe risiti. Mwongozaji wa huko ni wa lazima: Kihadzabe, chenye sauti za kidoko, hakina undugu na lugha za majirani, kwa hiyo dereva wa Arusha anayejifanya mkalimani anabahatisha.

Fedha usimpe mtu mmoja mkononi. Huleta ugomvi, na nyingi huishia kwenye pombe, ambayo imeziumiza vibaya kambi zinazofikiwa na magari. Pombe, sigara na peremende zibaki Arusha. Ukitaka kuacha kitu, nunua shanga kwa akina mama wenyewe.

Kundi lisizidi watu wanne. Wawindaji hutembea mbio na kimya. Wageni kumi wakipiga soga hakuna mnyama atakayesubiri. Vaa suruali nzito na viatu vya kufunika, maana miba ya migunga hupenya kandambili. Ncha ya mshale usiiguse, huenda ina sumu. Picha omba kwanza, na mtu akigeuza uso, shusha kamera.

Kwa Wadatoga, usiharakishwe kwenye kiwanda cha mhunzi. Mvukuto wa ngozi unapuliza makaa, makufuli mabovu na koki za shaba zinayeyuka, kisha uji wake unamiminwa na kugongwa hadi uwe kikuku. Misumari nayo hufuliwa kuwa vichwa vya mishale, ambavyo Wahadzabe hubadilishana kwa asali. Kikuku nunua hapo hapo, kwa aliyekifua.

Tena, Wadatoga usiwaite Wamang'ati, wala Wahadzabe usiwaite Watindiga. Mang'ati ni neno la Wamaasai, maana yake adui, na dereva akilitumia mbele ya Wadatoga mkanye palepale.