Tahadhari kwa wenye Subaru: muuzaji wa ekzosi anayekuuzia mlio wa gari jingine na kubaki na kataliti yako

Ninaandika tahadhari hii kwa wenye magari ya saluni yenye injini za tabo (kifaa kinachoendeshwa na moshi na kusukuma hewa zaidi ndani ya injini), hasa Subaru Legacy B4 na Impreza, wanaotafuta mtu wa kuwabadilishia ekzosi hapa Nairobi. Kuna muuzaji anayejitangaza kwa video fupi na kupokea malipo ya awali kwa M-Pesa, ambaye alinichukulia shilingi 68,000 pamoja na matumbo ya kataliti (kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba la ekzosi) ya gari langu, kisha akaniachia bomba la chuma cha kawaida lililopakwa rangi ya fedha. Jina lake sitalitaja, kwa sababu madai yangu nimeyapeleka katika Mahakama ya Madai Madogo na sitaki kumpa kisingizio cha kuligeuza shauri. Nitaeleza hata hivyo namna anavyofanya kazi, ili atakayekutana naye amtambue kabla hajafungua simu kumtumia pesa.

Gari langu ni Legacy B4 ya mwaka 2007, yenye injini ya lita 2.0 na gia za mkono. Sikuwa natafuta makelele ya kuamsha mtaa. Nilitaka ule mngurumo wa kukatikakatika ambao wengi wetu tuliuzoea tangu enzi za Impreza za Safari Rally, na ndio hasa aliokuwa akiutangaza. Katika video yake, kamera inalenga nyuma ya Legacy kama yangu, sailensa mbili zinang'aa, na mngurumo unatoka mtamu kabisa. Nilimwandikia siku hiyo hiyo. Wiki tatu baadaye, nilipoirudia video ile nikiwa na spika nzuri, nilisikia gari likibadilisha gia mara mbili, ilhali gari linaloonekana limesimama na gurudumu moja la nyuma limenyanyuliwa kwa jeki. Sauti ilikuwa ya gari jingine, imebandikwa juu ya picha.

Ningeujua ukweli mapema kama ningeuliza mlio huo unatoka wapi, kwa maana hautoki kwenye sailensa. Injini ya gari langu, EJ20 ya familia ya injini za Subaru ziitwazo EJ, ina silinda nne zilizolala, mbili kulia na mbili kushoto, na huwaka kwa mpangilio wa 1-3-2-4, yaani mbili za upande mmoja hufuatana, kisha mbili za upande wa pili. Katika Impreza za zamani zenye tabo, mabomba ya manifoldi, yaani yale yanayotoa moshi kwenye silinda na kuupeleka kwenye tabo, hayalingani urefu: moshi wa upande wa kushoto hupita chini ya injini na kusafiri mbali zaidi kabla ya kuifikia tabo, hivyo pumzi za moshi hufika kwa mapengo yasiyo sawa, na mapengo hayo ndiyo sikio linayoyasikia kama mdundo. Legacy ya tabo ya kizazi cha gari langu iliyotengenezewa soko la Japani ina tabo ya njia mbili na manifoldi yenye mabomba ya urefu sawa. Moshi hufika kwa utaratibu, na mlio wake ni laini, unaokaribiana na wa injini nyingine za silinda nne. Ukibadilisha sailensa hata mara kumi, utapata mlio ule ule ukiwa na sauti kubwa zaidi. Ili kuupata mngurumo wa zamani ni lazima uondoe manifoldi na tabo yenyewe, na hapo unapoteza ule wepesi wa tabo kuamka mapema ambao ndio uzuri mkubwa wa gari hili. Mtu anayefanya kazi hii kila siku anayajua haya. Aliponiahidi "mlio wa rali, bosi, bila kugusa injini", alijua kwamba haiwezekani.

Tulikubaliana shilingi 68,000 kwa mabomba ya stenlesi ya daraja la 304 kutoka kwenye kataliti hadi nyuma, sailensa mbili, pamoja na kazi. Alitaka 40,000 kwanza, kwa namba ya simu ya mtu binafsi wala si kwa namba ya biashara, na jina lililotokea kwenye M-Pesa kabla sijathibitisha halikuwa jina alilonipa. Nilipomuuliza, alijibu kwamba hiyo ni simu ya mhasibu wake. Nikabonyeza.

Siku ya kazi, Jumamosi, nililipeleka gari kwenye gereji aliyokodi pembeni mwa mahali pa kuoshea magari, upande wa Eneo la Viwandani. Kulikuwa na vijana wawili na mtambo mmoja wa kuchomelea. Aliniambia kwa heshima zote, "Bosi, hapa kuna vumbi na cheche, nenda ukanywe chai, nitakupigia." Nilikwenda. Katika makosa yangu yote hakuna lililonigharimu kama hilo, kwa sababu kila alichokifanya chini ya gari kilihitaji mimi nisiwepo. Niliporudi saa kumi na moja jioni, gari liliwashwa, likanguruma kwa nguvu, vijana wakatabasamu, nami nikatabasamu na kulipa 28,000 zilizobaki.

"Fundi, vile vyuma vya zamani viko wapi?" nilimuuliza.

"Vilikuwa vimeoza, bosi. Vijana wameshavipeleka kwa wa vyuma chakavu."

Mabomba hayo niliyaona kwa macho yangu mwezi mmoja kabla, nilipobadilisha oili, na hayakuwa na tundu hata moja. Sailensa asilia za Legacy zina soko zuri tu, kwa wale ambao zao zimetoboka na wale wanaotaka kurudisha gari katika hali ya kiwandani kabla ya kuliuza.

Siku ya nne taa ya injini iliwaka. Nililipeleka gari kwa fundi wangu wa siku zote, ambaye kwa kweli ndiye ningemwendea tangu mwanzo lau nisingetekwa na video. Alichomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari, ikatoa msimbo P0420, ambao maana yake ni kwamba kompyuta inaiona kataliti haifanyi kazi inavyopaswa. Akalinyanyua gari, akaigonga kataliti kwa spana, ikalia kama mkebe mtupu. Kisha akamulika tochi upande wa juu, ule unaotazama sakafu ya gari na ambao mtu aliyelala chini hauoni, na hapo ukaonekana mshono mpya wa kuchomelea, mrefu kama kiganja. Kataliti ilikuwa imepasuliwa, ikatolewa matumbo, kisha ikafungwa tena ili ganda libaki mahali pake.

Asiyejua thamani ya kitu hicho atashangaa kwa nini mtu ajisumbue hivyo. Ndani ya ganda kuna kigae chenye vijitundu kama sega la nyuki, kilichopakwa madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu, yanayogeuza hewa yenye sumu ya kaboni monoksaidi kuwa kaboni dioksaidi, na kuunguza mabaki ya petroli yasiyowaka. Madini hayo ni ya thamani kubwa, na ndiyo maana kataliti huibwa duniani kote. Kwa mauzo ya sega langu peke yake, ninaamini muuzaji huyu alifidia gharama ya mabomba yote aliyonifungia. Nilipompigia, hakukana. Alisema, "Huo ni uchafu, bosi, ndio unaokaba injini. Nimekusaidia." Hakueleza kwa nini msaada huo haukutajwa katika bei wala katika mazungumzo yetu ya WhatsApp.

Fundi wangu alinionyesha na mengine. Alitoa sumaku ndogo mfukoni akaiweka kwenye bomba jipya, ikang'ang'ania. Stenlesi ya daraja la 304 haishikwi na sumaku, au hushikwa kidogo sana, hasa pale ilipokunjwa. Ni kweli zipo stenlesi nyingine zinazotumika kwenye ekzosi, kama 409, ambazo sumaku huzishika vizuri, kwa hiyo jaribio hili peke yake halitoshi kusema bomba ni bovu. Linatosha kusema kwamba si 304 niliyolipia. Alipokwaruza kwa bisibisi, rangi ya fedha ilibanduka na chini yake kukaonekana chuma cha kawaida ambacho tayari kilikuwa na kutu karibu na mishono. Kona zilikunjwa kwa mashine isiyo na kizibo cha ndani, kiasi kwamba kila kona imebonyea kama mrija uliokunjwa kwa vidole. Bomba lina kipenyo kikubwa kwenye maelezo ya bei, lakini moshi unapita kwenye upenyo wa ile kona nyembamba kuliko zote.

Kuhusu nguvu, aliniahidi farasi 40 za ziada. Legacy hii yenye gia za mkono ilitoka kiwandani ikitajwa kuwa na nguvu za farasi 280. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 80 tu ya ule wa Mombasa, na tabo tayari inafanya kazi ya ziada kufidia upungufu huo. Ni kweli kwamba kupunguza kizuizi baada ya tabo huisaidia injini ya namna hii, tena zaidi kuliko injini isiyo na tabo, ambayo ukiipa bomba pana kupita kiasi huwa nzito kwenye mizunguko ya chini. Lakini kizuizi kikipungua sana, mgandamizo wa tabo unaweza kupanda kuliko vali yake ya kupunguzia inavyoweza kuudhibiti, mchanganyiko wa petroli na hewa ukawa mkavu (petroli ikawa kidogo mno), na kingo za pistoni zinazoshika ringi zikapasuka, jambo ambalo wenye EJ wanalifahamu kwa machungu. Kazi ya kweli ya kuongeza nguvu huambatana na kurekebisha kompyuta na kulipima nguvu gari hilo hilo kwenye mashine ya rola kabla na baada. Karatasi ya vipimo aliyonitumia ilikuwa ya gari jingine, imeandikwa Kijapani, na hata namba ya injini haikuwa ya familia ya EJ.

Kuna pia kero ambayo video haiwezi kuionyesha. Kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika injini ya silinda nne hutoa pumzi za moshi 100 kila sekunde, na mtetemo wa kiwango hicho, usipokuwa na chumba cha kuupunguza kwenye bomba la katikati, hugeuza buti ya saluni kuwa ngoma. Tulikuwa tunasafiri Thika Road tukiongea kwa kupaza sauti. Mke wangu ndiye aliyelalamika kwanza kuwa anaumwa kichwa kila tukifika Ruiru, nami nikadhani ni kelele, mpaka fundi alipoona masizi meusi yamezunguka kiungo kilichofungwa bila gasketi, chini kabisa ya kiti cha nyuma. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na sasa haikuwa na kataliti ya kuipunguza. Mtoto wetu hukaa kiti hicho. Kwa hili siwezi kumsamehe, hata akirudisha pesa.

Nimeyachunguza matangazo yake tena wiki hii. Amebadilisha jina la ukurasa, lakini video ni ile ile, na namba ya kulipia bado ni ya mtu binafsi. Sasa anauza pia sailensa zenye beji ya HKS, kampuni ya Kijapani ya vifaa vya magari, kwa bei ambayo haiwezi kununua hata ile ya mtumba kutoka Japani. Sailensa halisi za barabarani kutoka kwa watengenezaji wa Kijapani kwa kawaida huwa na kibati cha JASMA (chama cha watengenezaji wa sailensa wa Japani) chenye namba, kilichofungwa kwenye mwili wake. Beji za muuzaji huyu zimegandishwa kwa gundi, na katika picha mojawapo herufi imekaa upande.

Ikiwa bado unataka kazi ya ekzosi, ipeleke mahali ambapo utaruhusiwa kusimama karibu na gari. Kabla ya kazi piga picha chini ya gari lote, ikiwemo kataliti kwa pande zake zote, na uiwekee alama ya rangi isiyofutika. Andika kwenye makubaliano kwamba kila kilichofunguliwa kinarudi ndani ya buti yako, hata kama ni takataka, na lipia vifaa kwa namba ya biashara inayolingana na jina lililo kwenye risiti. Sailensa ya nyuma peke yake inatosha kwa anayetaka sauti. Kataliti iache mahali pake. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, zinayahusu magari pia, na muuzaji anayekwambia kwamba polisi hawajali hatakuwepo utakaposimamishwa.

Kwa aliyekwisha kufanyiwa kazi na mtu wa namna hii, mwombe fundi mwingine aigonge kataliti yako kabla taa haijawaka, na usifute ujumbe wowote wa M-Pesa au wa WhatsApp. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, unaweza kujiwakilisha bila wakili, na sheria inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60. Mimi nimewasilisha picha za ule mshono, taarifa ya fundi, ujumbe wa malipo mawili na ile video yenye gari lililosimama linalobadilisha gia.