Fundi aliyenifungia antena ya nje na ethi yake, Bukoba: uzoefu wangu

Huku Bukoba radi si habari ngeni. Mawingu yakianza kukusanyika upande wa ziwani, kila nyumba inachomoa televisheni. Kwa hiyo nilipotaka antena ya nje, sikutafuta fundi wa picha safi tu, nilitafuta anayeijua ethi, yaani njia ya kuushusha umeme ardhini.

Nilimpata, na kazi yake nimeipenda. Kabla ya kupanda alizunguka nyumba akitazama nyaya za umeme. Upande wa barabarani akaukataa: bomba la antena hata likidondoka lote, lisiufikie waya. Tukahamia nyuma, juu ya jiko.

Ethi ndiyo iliyonivutia zaidi. Nimeona mafundi wanaochimbia kipande cha nondo, wakafunga kiwaya chembamba, basi. Huyu alikwangua rangi ya bomba mpaka chuma kikang'aa, ndipo akakaza klampu. Waya wa shaba wa milimita 16 za mraba ukateremshwa nje ya ukuta, umenyooka, bila kona kali. Chini akapigilia ethi rodi, ile fimbo ya chuma inayozama ardhini, kisha akaiunganisha na ethi ya umeme wa nyumba. Hapo nilimhoji sana, maana nilidhani rodi moja inatosha. Akanieleza vizuri: ethi mbili zikiachwa kila moja kivyake, radi ikipiga jirani volti zake hazilingani, na umeme utapita kwenye king'amuzi na televisheni ukitafuta kusawazika. Wavu wa chuma ulio ndani ya ganda la waya wa antena nao akaufunga kwenye ethi hiyohiyo kabla waya haujaingia ndani, na hapo kwenye tundu akauachia upinde kidogo ili maji ya mvua yadondokee nje.

Kasoro zipo. Kifaa cha kuzuia mshtuko wa radi kinachokaa kwenye waya wa antena hakuwa nacho, ikabidi kiagizwe Mwanza na mimi nisubiri. Bei nayo imechangamka, ingawa kubwa lake ni shaba.

Nilichomheshimia zaidi ni ukweli wake. Alisema wazi kwamba radi ikiipiga antena yenyewe, ethi inapunguza hatari ya moto na ya watu kudhurika, lakini televisheni iliyochomekwa asikudanganye mtu kwamba itapona. Kwa hiyo kuchomoa tunaendelea, waya wa umeme na wa antena pia, wingu likiwa bado mbali. Radi ikishaanza kupiga, hakuna anayeushika waya ule.